Sekunde Arobaini na Moja

Matroni alikuwa amesimama alipoanza kuifungua tovuti ya duka kwenye simu yake. Shangazi, mwenye duka hilo la ushonaji, akamsogezea kiti, Matroni akaketi. Akauweka mkoba chini, akauegemeza kwenye mguu wa meza ya kukatia, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Kwenye kioo cha simu bado kulikuwa na kile kiduara kinachozunguka. Macho, aliyekaa nyuma ya kompyuta kwenye kona, alikuwa akihesabu kimoyomoyo tangu Matroni alipobonyeza. Alifika arobaini na moja ndipo picha ya gauni la kwanza ikajitokeza, nayo nusu, kichwani hadi kiunoni.

"Dada yangu," Matroni akamwambia Shangazi, wala si kwa hasira, "mgonjwa wangu angekuwa ameshakata roho."

Sindano, mpiga pasi wa duka, ambaye jina hilo lilimkaa kwa wembamba wake, akaachia kicheko. Shangazi akamtupia jicho, kicheko kikaishia hapo hapo, akainamia pasi yake.

Hospitalini kwake Matroni alikuwa na wauguzi mia moja na themanini, wote wanataka sare mpya. Hawakuwa watu wa kupanga foleni dukani kupimwa, kwa sababu huyu yuko zamu ya asubuhi, yule ya usiku, na wa tatu ndiyo kwanza amelala. Kilichomleta kwa Shangazi ni ule ukurasa wa vipimo uliokuwa kwenye tovuti. Muuguzi anaingia kwa namba yake ya simu na neno lake la siri, anajaza kifua, kiuno, nyonga na urefu, anachagua kola, kazi imekwisha. Lakini kama ukurasa wenyewe unakuja kwa kujikokota namna ile, alisema, wauguzi wake wataukatia tamaa kabla haujafika. Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, atawaambia kumi kati yao wajaribu kwa pamoja. Wakiweza, kazi yote ni ya Shangazi. Wasipoweza, yeye atavuka barabara hadi kwa yule fundi wa pili, asiye na tovuti wala kompyuta lakini mwenye wasichana sita wenye tepu na miguu ya kuwafikisha wodini.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Matroni alipotoka, Shangazi hakugomba. Alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema kwamba kama Alhamisi itawaumbua, tovuti ataifunga, atachora kibao kikubwa zaidi mlangoni, na Macho atarudi kwenye vifungo. "Hukosi kazi hapa, mwanangu," akamwambia. "Vifungo vipo tele."

Alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Macho.

Macho alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Alimaliza darasa la saba, masomo yakaishia hapo, akaja kukaa kwa Shangazi na kuwekwa kwenye vifungo. Miaka minne alishona vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Jina la Macho alipewa na watu wa duka, kwa kuwa alikuwa mzito wa kusema lakini hakuna kilichompita. Mtoto wa Shangazi, ambaye ukoo mzima unamwita Injinia, ndiye aliyeitengeneza tovuti. Alipopata ajira kwenye ofisi kubwa, akatafutwa mtu wa kupandisha picha na kusoma oda, na kila mmoja akaona hiyo ni kazi ya mtu anayeweza kukaa kimya akatazama kitu kimoja saa nzima bila kuchoka. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja Macho anakaa kwenye ile kona. Alikuwa anazijua kelele zote za ile kompyuta, na usiku kabla ya kulala alikuwa akizipanga oda kichwani, za kesho na za kesho kutwa. Kurudi kwenye vifungo angeweza. Ila hakutaka.

Mchana huo huo akampigia Injinia. Injinia alikuwa na haraka kama kawaida yake. Alisema dawa inajulikana, ni kupachika kwenye tovuti programu ndogo, plagini ya kache. Macho akauliza kache ni nini. Injinia akashusha pumzi, akaeleza: kila mteja akifungua ukurasa, tovuti inaanza kazi upya, inatafuta picha, inatafuta maelezo, inaviunga, ndipo inampa. Kache inauweka ukurasa ukiwa umeshaungwa. Mteja wa pili akija, anapewa ule ule.

"Yaani kama nguo za tayari," Macho akasema. "Zinaning'inia, mtu anachukua anaondoka."

Injinia akacheka, akasema ndiyo hivyo hivyo, mdogo wangu. Akamtajia plagini tatu ambazo watu wanazisifia. Macho akaziandika kwenye daftari lake kwa picha zilizokuwa nazo, maana majina yalikuwa marefu na ya Kizungu: Swala, Gurudumu na Bawa. Injinia akamwambia achague yoyote, zote zinafanya kazi moja, na Jumatano mchana yeye mwenyewe atapita kuangalia.

Shangazi alikuwa amesimama karibu, anasikiliza. Alipojua kwamba ziko tatu, zote nzuri na zote za bure, hakuona sababu ya kuchagua. "Weka zote," akaagiza. Kwapa la sare, akasema, hulishoni mara moja. Unapitisha mshono, unarudia, na ukiwa unamjua mvaaji unarudia mara ya tatu. Ndiyo maana nguo zake hazirudi dukani zimefumuka. Mama Mkasi, mkataji, mwanamke wa mwili na maneno, akaunga mkono kutoka kwenye meza yake. Macho alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini angesema nini, yeye ambaye kache aliijua kwa robo saa tu? Akaziweka zote tatu, moja juu ya nyingine.

Tovuti ikawa nyeupe.

Haikuwa na picha, haikuwa na maandishi, hata jina la duka halikuwepo. Macho akafunga akafungua, ni nyeupe tu. Sindano akajaribu kwenye simu yake, akasema kwake ni nyeupe pia, tena imepigwa pasi vizuri. Hakuna aliyecheka. Bahati upande wa ndani, ule ambao yeye huufungua kufanyia kazi, ulikuwa bado unaitika kwa shida. Akaingia, akaiondoa Bawa, akaiondoa Gurudumu. Picha zikarudi. Ndipo akaelewa kwamba kila moja ilikuwa ikijaribu kuukunja ukurasa ule ule, kama watu watatu wanaovutana shuka moja, na hakuna aliyebaki na shuka.

Shangazi akasema haya, fanya unavyoona. Akarudi kwenye cherehani.

Sasa, katika duka lile kulikuwa na desturi moja ambayo Shangazi aliisimamia kwa ukali. Uzi mpya ukiletwa, haushonwi kwenye nguo ya mteja mpaka ujaribiwe, na unajaribiwa kwenye kitambaa kile kile, kwa cherehani ile ile, kwa sindano ile ile. Kinachobadilika ni uzi peke yake. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, Shangazi alikuwa akisema, hutajua cha kusifu wala cha kulaumu. Macho ndiye aliyekuwa akifanya majaribio hayo zamani za vifungo. Jumanne asubuhi akaazima simu ya Mama Mkasi, ambayo ilikuwa kuukuu kuliko zote dukani na yenye kioo kilichopasuka, kwa hesabu kwamba kinachowezekana kwenye simu hiyo kitawezekana kwa muuguzi yeyote. Akakaa kwenye kigoda kile kile, pembeni ya dirisha, akaanza na Swala peke yake. Alifungua ukurasa mara tano, akatazama saa ya ukutani, akaandika. Kisha akaiondoa Swala, akaweka Gurudumu. Kisha Bawa.

Aligundua jambo ambalo Injinia hakulitaja. Mara ya kwanza ukurasa huchelewa vile vile, kwa sababu hakuna kilichowekwa bado. Ni mara ya pili ndipo unakuja mbio. Angekuwa mtu wa kujaribu mara moja akaamua, angezitupa zote tatu. Kwenye daftari mambo yakasimama hivi: Swala sekunde tisa, na mara nyingine kumi na mbili. Bawa sekunde tano. Gurudumu sekunde tatu, kila mara baada ya ile ya kwanza.

Muda uliobaki siku hiyo aliutumia kusoma maelezo ya plagini hizo. Kizungu chake kilikuwa cha kuokoteza, neno hapa neno pale, na kamusi ilikuwa ya Injinia ya enzi za shule, haina jalada. Alisoma mstari mmoja kwa muda ambao mwingine angesoma ukurasa. Mama Mkasi akamuuliza kama anakariri.

Jumatano mchana Injinia akaingia na viatu vyake vinavyong'aa. Akalitazama daftari, akaona tatu, tano na tisa, akasema kumbe kazi imeshakwisha. Gurudumu. Akaiweka mwenyewe, akaifungua tovuti mara moja ijihifadhi, akaifungua tena mbele ya mama yake, na kabla Shangazi hajamaliza kuvaa miwani magauni yalikuwa yamejipanga kiooni. Shangazi akapiga makofi. Akamwambia mwanawe kwamba Mungu ampe maisha marefu, akamtuma Sindano kununua soda. Macho akapokea soda yake, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Wewe nawe," Injinia akamwambia, "furahi basi."

Macho akasema anataka kitu kimoja tu. Watu wawili wajaze vipimo vyao, kila mmoja kwenye simu yake, kama watakavyofanya wauguzi. Injinia akaona ni kupoteza muda, lakini soda ilikuwa haijaisha, akakubali. Mama Mkasi akatangulia. Akaingia kwa namba yake, akajaza kifua inchi arobaini na sita, kiuno arobaini na mbili, na yaliyobaki, akahifadhi. Ikaja zamu ya Sindano. Akaingia kwa namba yake mwenyewe na neno lake la siri, akautazama ukurasa, akajitazama kifuani, akautazama tena ukurasa.

"Jamani," akasema taratibu, "nimenenepa lini?"

Ukurasa wake ulikuwa na vipimo vya Mama Mkasi, vyote, hadi nyonga. Mama Mkasi akaja, akachungulia juu ya bega lake.

"Hicho kifua ni changu," akasema. "Kirudishe."

Duka zima likaangua kicheko, Shangazi akashika mbavu, hata Injinia akatabasamu. Macho peke yake hakucheka. Alikuwa anaona wauguzi mia moja na themanini, wafupi kwa warefu, kila mmoja anafungua ukurasa wake na kukuta mwili wa aliyemtangulia. Aliona Mama Mkasi amekata magauni mia moja na themanini kwa kipimo cha mtu mmoja. Kicheko kilipopungua akalisema hilo, kwa sauti ya chini, na waliosikia wakaacha kucheka.

Injinia alijaribu. Aligeuza hiki akazima kile kwa zaidi ya nusu saa, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Gurudumu ilikuwa inahifadhi kila kitu na haikuwa na mahali pa kuikataza. Mwishowe akasema wauguzi waambiwe wakikuta vipimo si vyao wafunge wafungue tena, mara ya tatu au ya nne vitakuja vyao. Alisema hakuna plagini isiyo na kasoro, na sekunde tatu ni sekunde tatu. Matroni amelalamikia mwendo, basi tumpe mwendo.

Shangazi alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Macho. "Wewe unasemaje?"

Macho hakuwa amezoea kuulizwa mbele ya Injinia. Alisema duka lina nguo za namna mbili. Zipo za tayari, zinazoning'inia pale mlangoni, hizo yeyote anaweza kupewa. Na zipo za kupimwa. Ya kupimwa hata kama imeshakwisha na inang'aa, humpi mtu mwingine kwa sababu tu amefika wa kwanza na ana haraka. Kurasa za picha ni nguo za tayari, kache izihifadhi itakavyo. Ukurasa wa vipimo ni wa mwenyewe. Bawa ilikuwa na sehemu ambayo aliisoma jana mara tatu, mpaka akaielewa, mahali pa kuandika majina ya kurasa ambazo plagini isiziguse. Gurudumu haikuwa nayo.

"Tunapoteza sekunde mbili," akamaliza. "Ila kila mtu anapata mwili wake."

Injinia akasema ni sawa, lakini amesahau jambo. Ukurasa usiohifadhiwa utarudi kwenye sekunde zake arobaini na moja, na huo ndio wanaouhitaji wauguzi kuliko yote. Alilisema kama mtu anayefunga mlango. Na lilikuwa kweli. Macho alilijua tangu jana, na ndiyo maana soda yake ilikuwa bado imefungwa.

Akaomba apewe mpaka jioni. Shangazi akatazama daftari lile, namba zile zilizopangwa kwa mstari, mara tano kwa kila plagini. Pengine alikumbuka nyuzi. Akamwambia Injinia aondoe Gurudumu.

Macho akaiweka Bawa, akafuta kila kilichokuwa kimehifadhiwa na Gurudumu, akaandika jina la ukurasa wa vipimo kwenye ile orodha ya visivyoguswa. Kisha akakaa kwenye kigoda chake na simu ya Mama Mkasi, akaufungua ukurasa wa vipimo, akafanya alichokuwa anakijua kuliko wote mle ndani: akatazama. Aliutazama unavyojikusanya, kipande baada ya kipande. Mara ya nne akaona. Visanduku vya kifua na kiuno vilikuwa vyepesi, vilikuwa tayari tangu mwanzo. Kilichokuwa kinasubiriwa ni albamu ya picha ishirini na nne, kubwa kubwa, ambayo Injinia aliipachika juu ya kila ukurasa siku ya kuizindua tovuti, kwa ajili ya kupendeza. Mtu anayejipima kiuno alikuwa akingojeshwa mpaka magauni ya harusi ishirini na manne yapite kwanza.

Akaitoa albamu kwenye ukurasa ule mmoja. Akafungua upya.

Sekunde sita.

Hakumwita mtu. Akarudia mara tano, akaandika, ndipo akamwita Shangazi. Sindano akaingia kwa namba yake, akakuta visanduku vitupu, akajaza thelathini na nne ya kifua. Mama Mkasi akaingia, akakuta arobaini na sita yake imemngoja. Wakabadilishana simu, wakajaribu tena, na kila mmoja akajikuta yeye. Injinia, aliyekuwa ameshashika kitasa cha mlango, akarudi kutazama. Akaangalia pale albamu ilipokuwa, akajikuna kisogo, akasema zile picha alizipenda sana. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu na Macho, akamwuliza ile orodha ya visivyoguswa iko upande gani, kwa sababu kule ofisini kwao wafanyakazi wanalalamika kwamba wanaona likizo za wenzao na yeye amekuwa akiwaambia wafunge wafungue. Macho akamwonyesha. Soda ilikuwa imeshapata moto, akainywa hivyo hivyo.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano hakuna cherehani iliyokuwa inalia. Shangazi alijifanya anatafuta pini. Saa nne kamili kimya. Saa nne na dakika moja jina la kwanza likatokea kwenye kompyuta, na vipimo vyake. Kisha la pili. Kisha matatu kwa pamoja. Macho alikuwa akisoma kwa sauti, kifua thelathini na sita, kifua arobaini na moja, thelathini na tatu, arobaini na nne, na kwa kila namba iliyotofautiana na iliyotangulia Mama Mkasi alikuwa akisema enhe. Yakafika kumi. Shangazi akaanza kushusha pumzi. Likaja la kumi na moja, la kumi na mbili, la ishirini. Habari zilikuwa zimeenea wodini, na kila mwenye simu na dakika mbili alikuwa ameingia. Ilipofika saa nne na robo walikuwa tisini na wanne. Macho akafungua tovuti kwenye simu ya Mama Mkasi huku wote wakiwa ndani, akahesabu. Tano. Ukurasa wa vipimo, sita. Haikutetereka hata kidogo.

Hapo Shangazi akasahau pini. Akamshika Macho mabega yote mawili kwa nyuma, akayabana.

Simu ikalia. Alikuwa Matroni. Shangazi akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo dada, asante sana dada, uso wake ukizidi kunawiri. Kisha akasema subiri, hayo uongee na mwenye tovuti, akampa Macho simu.

Matroni hakuzunguka. Alisema kazi ya sare mia moja na themanini ni ya duka, Mama Mkasi anaweza kuanza kukata. Alisema pia kwamba madaktari wamewaona wauguzi wakijaza, nao wanataka makoti na suruali, sitini na kitu hivi, na wameshashika simu mikononi. Je, waanze saa hiyo?

Macho akaitazama tovuti. Ukurasa wa vipimo haukuwa na kisanduku cha mguu wala cha paja. Nyuma yake Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa nguvu, mwambie ndiyo, mwambie ndiyo.

"Hapana, Matroni," Macho akasema. "Suruali zina vipimo vyake. Nipe mpaka kesho saa nne, niutengeneze ukurasa wao na niujaribu kwanza."



"Sawa, mama," Matroni akajibu. "Kesho saa nne. Nitawaambia wakusubiri."